Baiskeli za resi Dar: hela ya kwanza weka kwenye tairi, alafu ujue upepo kabla ya kwenda Bagamoyo (uzi)

Mleta uzi

Wakuu salama. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yapigwe Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kuja Afrika, na mwaka mmoja kabla yake Biniam Girmay wa Eritrea kushinda hatua tatu za Tour de France na kuondoka na jezi ya kijani, naona vijana wengi hapa mjini wanataka baiskeli ya resi na mimi nafurahi kweli kweli. Ila kila anayenifuata inbox anaanza na fremu, kaboni au alumini, ina kilo ngapi, gia 11 au 12. Jamani kwa Dar hilo ni swali la mwisho. Hela yako ya kwanza iende kwenye tairi, inayofuata iende kwenye cheni na vya kuitunzia, alafu kabla hujafikiria Bagamoyo ujue upepo unatoka wapi. Fremu ya alumini ya kawaida yenye tairi nzuri inakupeleka na kukurudisha, fremu ya kaboni yenye tairi za milimita 23 zilizokauka inakulaza Mapinga, njiani kwenda Bagamoyo, unaulizia fundi.

Naanza na tairi. Pembeni ya barabara, pale daladala na boda zinapokusukumia, ndipo uchafu wote unapoishia, mchanga, chupa, na kibaya kuliko vyote zile nyaya za chuma zinazobaki tairi la lori likipasuka. Waya wenyewe mwembamba kama sindano, unazama kwenye raba huuoni, unabadilisha tyubu unajaza upepo unaondoka, mbele kidogo chini tena kwa sababu waya bado umo ndani. Kwa hiyo kila ukipata pancha, kabla hujaweka tyubu mpya pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima, kitanasa tu palipo na waya. Kidole kitupu usitumie utajichana. Kama tairi limechanika ubavuni au juu, weka kipande cha tyubu ya dawa ya meno kwa ndani, kile cha plastiki ngumu, kinafika nyumbani bila shida. Tembea nacho, hakina uzito.

Upana chukua milimita 28 kama fremu inaruhusu, ikipita 32 chukua 32. Bado watu wanaamini tairi jembamba lililojazwa mpaka linalia ndilo linalokimbia. Kwenye lami iliyochoka kama ya kwetu tairi hilo linarukaruka, na kila mruko ni nguvu yako inapotea, lenye upana na upepo wa wastani linameza yale mashimo madogo na wewe unaendelea mbele. Hata wale wanaolipwa kukimbia Ulaya wameshahama, 23 hawataki tena. Kwa mtu wa kilo 70 hivi, kwenye 28 anza na psi (kipimo cha presha kwenye geji) 75 mbele na 80 nyuma, kwenye 32 shuka mpaka 55 au 60, kwenye 25 panda 85 mpaka 90. Nyuma inazidi kidogo kwa sababu mwili umelalia huko. Ukiwa mzito ongeza, ukiwa mwepesi punguza, ila usivuke namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi.

Alafu achana na kompresa za wale wanaoziba pancha za magari na boda, ule upepo unaingia kwa kasi na tyubu ya baiskeli ni ndogo, sekunde chache tu umeshapitiliza, na geji nyingi zimechoka. Nunua pampu ya kusimama yenye geji, ikae nyumbani, pima kila unapotoka maana tairi jembamba linapoteza upepo hata likiwa limeegeshwa. Kama valvu yako ni ile nyembamba yenye kinati juu, tafuta na kile kiadapta cha shaba cha kuifanya iwe kama ya boda, kinakaa mfukoni, siku pampu yako ya mkononi ikifa njiani unasaidika kwa mtu yeyote.

Mdau wa Mbagala

mkuu asante kwa uzi nina shida moja, nimenunua mtumba wa Japani fremu ya chuma nzuri sana haina kutu, rimu zimeandikwa 27, nikaenda kununua tairi wakanipa 700 wakasema itaingia tu ni sawa, tumehangaika na fundi mpaka jioni linakaa kwa kuelea, ukijaza upepo linatoka. fundi anasema tukate rimu. nifanyeje

Mleta uzi

Kaka usikate kitu chochote. 27 na 700 ni saizi mbili tofauti kabisa hata kama kwa macho zinafanana. Angalia ubavuni mwa tairi kuna namba nyingine imeandikwa kwa mtindo wa 28-622 au 32-630. Ile ya mwisho ndiyo kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu kwa milimita. 700 ni 622, na 27 za zamani ni 630. Tofauti milimita 8, na tairi halisameheani na rimu hata kwa milimita 2. Hapo ulipo usipande hiyo baiskeli, tairi likichomoka ukiwa kasi pale Rangi Tatu kuna malori.

Sasa una njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta tairi za 27 x 1 1/4, zipo kwenye mitumba ila mara nyingi raba imekauka, kunja ubavu uangalie nyufa kabla hujalipa. Tyubu haina noma, za 700 x 28/32 zinatanuka zinaingia. Njia ya pili ambayo mimi naipenda ni kutafuta magurudumu mazima ya 700, ukishayaweka tairi utapata muda wote. Ila pima vitu viwili kwanza. Breki zako lazima zifike chini milimita 4 zaidi, angalia kama kile kiatu cha breki kina nafasi ya kushuka kwenye mfereji wake. Na pima nafasi kati ya masikio mawili ya fremu nyuma, pale gurudumu linapofungwa, za zamani nyingi ni milimita 126 na habu (kitovu cha gurudumu) za siku hizi za breki za rimu ni 130. Fremu ya chuma inatanuliwa hizo milimita 4 na fundi anayejua, ya alumini usiguse.

Na yeyote anayeenda kwenye mtumba aende na hiyo elimu. Kuna baiskeli za Japani za kina mama zina 26 x 1 3/8 ambayo ni 590, na zile Phoenix za 28 x 1 1/2 ni 635. Soma namba ya milimita kila siku, maneno ya muuzaji weka pembeni.

Fundi wa Temeke

Nawasalimu. Mimi ni fundi naongezea la cheni maana ndilo linaloniumiza roho. Watu wanaweka oili chafu ya gari kwenye cheni ya resi. Ile oili imeshachoka ina vumbi la chuma ndani na ni nzito, mchanga wa Dar ukikaa juu yake unakuwa dawa ya kusagia, unakula cheni unakula friwili unakula na meno ya mbele. Mtu analeta baiskeli cheni nyeusi imevimba anasema gia zinaruka, nikipima cheni imeshavutika zamani.

Kupima ni rahisi hata bila kifaa, chukua rula ya inchi 12 ya chuma, weka sifuri katikati ya pini moja, kwenye cheni mpya inchi ya 12 inaangukia katikati ya pini nyingine bila kukosea. Pini ikipita hiyo alama kwa 1/16 ya inchi, yaani kama milimita moja na nusu, badilisha cheni. Ikifika 1/8 ujue na gia za nyuma zimeshakwenda, ukiweka cheni mpya juu yake itaruka tu. Cheni ni bei ndogo kuliko kaseti, yaani hizo gia za nyuma, kwa hiyo wahi hapo mwanzo.

Kuisafisha, mafuta ya taa kidogo kwenye brashi, piga mswaki mpaka uone rangi ya chuma, futa, iache ikauke kabisa. Alafu tone moja kwenye kila kiungo kwa upande wa ndani, zungusha pedeli, subiri, na mwisho ufute kwa nje mpaka kitambaa kitoke karibu kisafi. Hapo kwenye kufuta ndipo wengi wanaporuka. Mafuta yanatakiwa yawe ndani ya pini, ya nje kazi yake ni kukusanya mchanga tu. Kama huna mafuta maalum ya cheni, oili ya cherehani inasaidia, ni nyepesi na safi, ila itabidi urudie mara kwa mara maana inakauka haraka na mvua inaiosha. WD-40 ni ya kulegeza kutu na kufukuza maji, ukimaliza nayo bado hujapaka mafuta.

Mdau wa Kigamboni

Fundi umenena. Kwa sisi tunaokaa upande wa bahari kuna na chumvi. Huku Mjimwema ukiacha baiskeli barazani wiki tu vichwa vya boliti vimeshaota kutu, kwa hiyo mimi nikirudi naimwagia maji ya bomba taratibu, bila presha, wale wa kuosha magari wanapiga maji yanaingia mpaka kwenye gololi za habu grisi yote inatoka. Nafuta, naegesha ndani. Na sitiposti, yaani bomba la siti, litoe mara moja kila baada ya miezi michache upake grisi, lisipotolewa alumini na chuma kwa hii chumvi vinashikana na hakuna mtu atakuja kuvitenganisha. Kama bomba ni la kaboni grisi usipake, kuna pesti yake ya kaboni.

Kwa anayeanza nashauri aje huku, unavuka na pantoni Kivukoni asubuhi, unapiga Mjimwema, Kibada, unarudi mjini kwa Daraja la Nyerere unatokea Kurasini. Magari ni machache kuliko Morogoro Road na ukichoka njia ya kurudi haiko mbali.

Mleta uzi

Nakubaliana na ndugu wa Kigamboni, Morogoro Road kwa mtu mpya sio pazuri, mabasi ya mikoani na malori yote yanatokea huko.

Sasa Bagamoyo. Kutoka mjini ni kama kilomita 60 na kidogo, kwenda na kurudi unazungumzia 120 na ushee, na wanaoshindwa wengi wanashindwa wakati wa kurudi. Sababu kubwa ni upepo. Barabara inakwenda kaskazini magharibi ikifuata pwani. Kuanzia kama mwezi wa 5 mpaka wa 9 ni kusi, unatoka kusini mashariki, kwa hiyo ukienda uko mgongoni mwako unasukumwa, Tegeta, Bunju, Kerege zinapita unajiona una miguu leo. Ile sio miguu yako. Ukigeuza pale Bagamoyo upepo wote uko usoni, na saa hizo jua limepanda na upepo wa baharini nao unazidi nguvu kadiri mchana unavyokaribia, ndio unakuta mtu amekaa chini ya mwembe Zinga hasogei. Kipindi cha kusi nenda polepole kwa makusudi, tunza nguvu mpaka zaidi ya nusu kwa ajili ya kurudi.

Kipindi cha kaskazi, Desemba mpaka Machi, unakupiga ubavu wa kulia na kidogo usoni wakati wa kwenda, ukirudi unapata nafuu. Shida ya kaskazi ni joto, na ubavu maana yake lori likikupita linakata upepo ghafla na wewe unavutwa kuelekea barabarani, shika usukani kwa chini mikono ikiwa imelegea. Mkiwa wengi kaeni nyuma ya mwenzenu kwa kupokezana, anayekaa nyuma anaokoa nguvu nyingi sana, ila sio kwa mtu ambaye hujawahi kuendesha naye maana breki moja ya ghafla mnalala wote.

Toka saa kumi na moja alfajiri ukiwa na taa. Nyekundu nyuma ya kuwaka na kuzima, nyeupe mbele ya kuona shimo, hata kukishapambazuka ile ya nyuma iache inawaka.

Maji nusu lita mpaka robo tatu kwa saa, na joto la Februari hata zaidi. Ukitaka kujua mwili wako jipime uzito kabla na baada, kilo uliyopoteza ni karibu lita moja ya maji. Maji matupu kwa masaa manne hayatoshi, jasho la Dar linaondoka na chumvi, weka chumvi na sukari kidogo kwenye chupa moja au beba ORS uichanganye kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Madafu nayapenda sana ila yana chumvi kidogo mno, kunywa kwa raha na uongeze karanga za chumvi juu yake. Chakula gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa, ndizi moja ya wastani ni kama 25, kwa hiyo ndizi na tende kadhaa au kashata kila saa, na anza kula kabla njaa haijafika. Kula kidogo kila nusu saa, ukisubiri mpaka magoti yatetemeke umechelewa.

Dada wa Tegeta

Kaka zangu mmeongelea mashine tu, niongezee mwili na barabara. Siti. Wasichana wengi ninaotoka nao waliacha baiskeli kwa maumivu na wakaambiwa watazoea, hapana, siti ilikuwa sio yao. Mifupa ya kukalia ya wanawake wengi imetanuka zaidi kwa hiyo siti nyembamba inabana nyama badala ya kubeba mfupa. Kaa kwenye kipande cha boksi la karatasi juu ya ngazi, nyanyuka, vile vishimo viwili pima katikati yake, hapo ndio utajua upana wa siti unayotafuta. Na siti laini nene sio suluhisho, safari ndefu inazama inabana zaidi. Kaptula yenye pedi vaa bila nguo ya ndani.

Urefu wa siti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama, hapo ukikanyaga kwa mbele ya wayo goti litabaki limekunja kidogo. Goti likiuma kwa mbele mara nyingi siti iko chini, likiuma kwa nyuma iko juu. Sogeza milimita 5 tu kwa wakati, endesha, sikiliza.

Barabarani mimi siendeshi kwenye ukingo kabisa, nakaa kama mita moja kutoka pembeni, ili daladala inayotaka kunipita ibidi ihame kidogo, na mimi nibaki na pa kukimbilia. Ukijibana kwenye mchanga unawaambia nafasi ipo. Daladala ikiwasha taa ya kushoto pale kituoni usiipite kwa kushoto hata iweje, konda anashuka kabla haijasimama. Dimbwi baada ya mvua usilikanyage, huwezi kujua shimo lake. Matuta ya rasta nyanyua makalio, kunja viwiko, baiskeli icheze chini yako. Na helmeti, jamani, ukanda ubaki na nafasi ya vidole viwili tu chini ya kidevu, ile ya kuning'inia nyuma ya kichwa haikingi paji la uso.

Mdau wa Kimara

Uzi umekaa vizuri sana huu. Naulizia breki, nina za disiki za maji Shimano, lever (mkono wa breki) imekuwa laini inazama mpaka kwenye usukani, fundi wa bodaboda mtaani anasema ananiongezea maji ya breki ya gari, nimkubalie? Wikiendi nataka kupanda Pugu mpaka Kisarawe na kule kushuka nakuogopa

Mleta uzi

Usimkubalie mkuu. Shimano wanatumia mafuta ya madini, maji ya breki ya gari ni DOT, ukiyaweka mle yanavimbisha raba za ndani na breki nzima inakufa. Zipo nyingine kama SRAM ambazo nyingi zinatumia DOT, kwa hiyo soma kwenye kifuniko cha lever imeandikwaje. Lever kuzama mara nyingi ni hewa imeingia, inatakiwa kutolewa kwa kusukuma mafuta mapya yaleyale ya madini, au pedi zimeisha. Toa gurudumu uangalie pedi kwanza, ikibaki chini ya nusu milimita ya kile kitu cha kusagika badilisha. Na ukiwa umetoa gurudumu usibonyeze lever, pedi zitafungana. Kama mafuta yanavuja usitoke nayo kabisa.

Kuhusu kushuka Kisarawe, baiskeli haiendi mpaka hiyo breki ipone. Ikishapona, usikamate breki mfululizo toka juu mpaka chini, kamata kwa nguvu kabla ya kona, achia, iache ipoe, kamata tena, mbele na nyuma pamoja, na mwili usogeze nyuma kidogo. Mchanga unakaa kwenye kona za kule hasa baada ya mvua, punguza mwendo ukiwa bado umenyooka. Kwenda pita asubuhi mapema kabla Gongo la Mboto haijajaa, kupanda tumia gia nyepesi kuliko unavyotamani.

Mdau wa Mbagala

mkuu nimepata magurudumu ya 700 ya mtumba leo, breki zimefika chini vizuri, nyuma imepima 126 fundi ataitanua kesho, tairi nimechukua 28-622 nimesoma mwenyewe

Mleta uzi

Safi sana kaka. Mwambie akishatanua apime tena kama masikio ya nyuma yanatazamana sawa, na uzi upitishwe toka kichwa cha fremu kuzunguka nyuma pande zote mbili, umbali wa uzi mpaka bomba la siti ulingane kulia na kushoto. Isipolingana gurudumu litakaa upande na gia hazitakaa sawa.